Saa Ambayo Mzee Mahadi Aliitundika Uani

Kwanza salamu, kwa sababu kwetu mtu hatoi neno kubwa kabla hajasalimia nyumba.

Namsalimia Mama Jamidah, mke wa Mzee Mahadi, nyumbani kwao Kakiika, na ule mguu wake uliokuwa unavimba tunauulizia. Namsalimia Rashidah, binti yao wa kwanza, na bwana yake, na yule mjukuu mpya ambaye tumemwona kwenye picha ya simu tu. Namsalimia Isa na masomo yake. Namsalimia nyanya yao, mama yake Mama Jamidah, ambaye masikio yamechoka, kwa hiyo atakayemsomea nyumbani asome kwa sauti. Hata ng'ombe wa mzee nawasalimia, maana nao wamemngoja Ijumaa baada ya Ijumaa miaka mingi. Kwetu huku Nakivale, kambini kwa wakimbizi, tuko salama. Baba Vanessa, ndiye Gervais, bwana yangu, anasalimia; goti linamsumbua lakini shamba analima. Mwanangu Parfait anasalimia. Dada yake Grâce anasalimia na mtoto mgongoni. Vanessa sileti salamu zake, kwa sababu yuko hapa mbele, amevaa kitenge kipya, na ninyi wote mliokuja kumuaga mzee mnamwona.

Sasa neno lenyewe. Mzee Mahadi Katungi amelitumikia shirika letu miaka kumi na tisa, toka mwezi wa tatu mwaka 1996 mpaka leo, tarehe 30 Juni 2015, siku anapostaafu. Wakubwa walitaka wasifu wake uandikwe na mtu aliyekaa naye siku mingi. Mimi napika chai ya ofisi hii toka mwaka 2000, basi kalamu ikaniangukia. Grâce amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu.

Alianza kama karani wa stoo hapa Base Camp, katikati ya kambi yetu, wakati ofisi ilikuwa chumba kimoja na turubai mbili. Kila Jumatatu alitoka Mbarara na gari la shirika, kila Ijumaa alirudi. Wale wa zamani wanakumbuka ile mvua iliyokwamisha gari njiani, mbele ya Kaberebere. Wengine walirudi mjini. Yeye alivua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni, akakunja suruali akaja na miguu. Alipofika aliosha miguu kwenye beseni la jikoni, akavaa soksi, akavaa viatu, akakaa mezani kama waziri, akaanza kuuliza nani amechelewa.

Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa kile cha askari wa Uganda. Alituita wote "wewe kuja," mkubwa kwa mdogo, mpaka padri. Tulimcheka, naye akacheka. Siku zikaenda, akashika "fasi" badala ya mahali, akashika "mingi", akashika na kula sombe, yale majani ya muhogo. Mama Jamidah alituma malalamiko kwamba tumemrudishia bwana Mukongomani. Tunaomba radhi leo, mbele ya wote. Lakini hatumbadilishi tena.

Mwezi wa Ramadhani, siku zote alipita mlango wa jikoni asubuhi, akainamia birika akaliambia: "Birika, nisamehe, tutaonana jioni." Sisi wakristo tukaanza kuhesabu siku za mwezi pamoja naye, maana birika lilikuwa linasikitika.

Mwaka 2003 kompyuta ya kwanza ililetwa. Wengi walikaa mbali nayo kama chui aliyelala. Mzee Mahadi alikuwa na mvi tayari, lakini alijiandikisha kusoma Mbarara kila Jumamosi, darasa moja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimwita "mwalimu" kwa kudhani amekuja kufundisha. Aliporudi alikuwa anajua Ekseli, lile jedwali la hesabu ndani ya kompyuta, na kilichozidi, alikuwa anajua kuandika makro.

Makro, jinsi alivyonieleza nikiwa namenya vitunguu, ni mapishi. Unaiandikia mashine mara moja: chukua hiki, changanya na kile, koroga, epua. Halafu unabonyeza kitufe, inapika yenyewe. Mapishi marefu unayakata vipande, kila kipande na kazi yake. Aliandika makro ya mgao wa chakula kwa makambi yetu yote. Kabla ya hapo tuliandika kwa mkono wiki nzima, na bado familia moja inaandikwa mara mbili, nyingine inasahauliwa.

Vanessa, binti yangu, aliajiriwa mwaka 2010 alipomaliza shule. Kazi yake ilikuwa meza ya kadi za chakula. Siku ya mgao anafungua dirisha saa mbili ya asubuhi, anapokea mabadiliko: huyu amezaa, yule amehama, huyu amefiwa. Akianza anabonyeza kitufe cha kuanza. Kadi zikiisha anabonyeza kitufe cha kumaliza, na makro inaendelea peke yake: inagawa mahindi, maharage na mafuta kwa ukubwa wa kila familia, halafu inachapa orodha.

Shida ilikuwa hii. Orodha ilitoka jua likiwa katikati. Wamama walikaa kwenye mstari toka alfajiri, watoto wanalia, wengine wanarudi nyumbani giza limeingia na hawajapika. Na kila aliyechungulia dirishani alimwona nani? Vanessa, amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani, anangoja. Basi jina likatoka kwamba msichana wa dirishani ni mvivu.

Mwaka 2011 ofisi ya Mbarara ilitaka kujua wakati unapotelea wapi. Wakamwagiza Mzee Mahadi aweke saa ndani ya makro, ipime meza ya kadi toka kitufe cha kuanza mpaka kitufe cha kumaliza. Akaiweka. Makro ikapima, na namba zikaenda Mbarara zenyewe kwa barua pepe, kabla mtu wa hapa hajaziangalia.

Jibu lilirudi kwa simu siku ya Jumatatu. Mgao wa kwanza, meza ya kadi ilichukua masaa tisa na dakika. Wa pili, masaa tisa. Wa tatu, tisa tena. Madamu Kantengwa, mkubwa wa miradi, alisema Ijumaa kuna kikao, na kazi ya Vanessa itaishia hapo.

Wenzangu, mnajua mimi ni mtu wa wasiwasi. Wiki ile chai yenu ilikuwa na chumvi, na mliinywa kwa heshima, nawashukuru. Lakini Bienvenu wa stoo, ambaye hajui kunyamaza hata akiwa amebeba gunia, alisimama chini ya dirisha akapiga kelele mstari wote usikie:

"Vanessa! Masaa tisa! Hata sombe ngumu ya kiangazi ingeiva, batu bakule, balale, baamuke, bachume ingine!"

Batu wakacheka. Binti yangu akafunga dirisha. Kwetu kazi ya ofisi haikuwa ya Vanessa peke yake. Ilikuwa jina la nyumba nzima, na msichana akifukuzwa kwa uvivu hapa Nakivale, habari inafika kila kambi kabla yeye hajafika nyumbani.

Jumatano alikwenda kusimama mbele ya Mzee Mahadi. Nilikuwa nimeleta vikombe, kwa hiyo nilisikia.

"Mzee, mashine inasema mimi nafanya masaa tisa. Unipime hapa, mbele ya macho yako. Kama nimelala, munifukuze leo, musingoje Ijumaa."

"Mwana wangu, mashine haiko na chuki na mtu."

"Hata mimi siko na chuki nayo. Unipime."

Mzee akavuta kiti. Vanessa akabonyeza kuanza, na hapo hapo akabonyeza kumaliza. Hakuweka hata kadi moja. Mashine ikaandika: masaa kumi na dakika kidogo.

Walitazamana. Mzee akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema wajaribu tena. Kumi tena. Akasema tule kwanza, akili ya njaa haiaminiki. Baada ya chakula, saa nane ya mchana, wakabonyeza tena vile vile, kuanza na kumaliza kwa pumzi moja. Mashine ikaandika masaa kumi na nne.

Hapo Mzee Mahadi aliweka mikono juu ya kichwa. "Banange! Hii kitu haipimi mtoto. Inasoma saa ya ukuta!"

Nitaeleza kama alivyotueleza, na asiyeelewa amuulize Vanessa. Kila kipande cha maagizo katika makro ni nyumba. Kipande cha kitufe cha kuanza kiliandika saa ya kuanza ndani ya nyumba yake. Kilipomaliza kazi, mlango ukafungwa, na kila kilichokuwa ndani kikafutika. Kipande cha kitufe cha kumaliza kiko nyumba nyingine. Kikauliza: tulianza saa ngapi? Hakuna aliyejibu. Na kwa mashine, asiyejibu ni sifuri, na sifuri ya mashine ni usiku wa manane, wakati siku ya wazungu inapoanza. Basi ikamhesabia Vanessa toka usiku wa manane, kana kwamba binti yangu alikuja ofisini giza nene akakaa na popo.

Na mbona hakuna aliyeshtuka? Kwa sababu ya desturi yetu, na hii ndiyo tulicheka mpaka machozi. Sisi wote wa huku, Mukongomani, Munyankore, Muganda, tunahesabu masaa toka jua linapochomoza. Vanessa alimaliza kadi zake kama saa tatu ya asubuhi, siku zote. Ingekuwa mashine inahesabu kama sisi na kuandika tatu, mtoto mdogo angesema: mbona hii ni saa ya sasa hivi? Lakini mashine iliiita saa tatu yetu tisa, kama wazungu, na kwetu asubuhi haina tisa. Tisa tuliyoijua ni ile ya mchana, wamama wakiwa bado kwenye mstari. Ikatuingia kichwani kama kweli, na hakuna aliyekaa kuhesabu kwamba toka dirisha la saa mbili mpaka orodha ya jua katikati, masaa tisa hayaingii.

Dawa ilikuwa ndogo. Mzee aliitoa ile saa ndani ya nyumba ya kwanza, akaitundika uani, juu kabisa ya makro, fasi ambayo vipande vyote vinaiona na haifutiki mlango mmoja ukifungwa. Kazi ya dakika chache. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kutuma namba mpya na kusema mashine ilikuwa na mafua. Mkataba wake ulikuwa unangoja kusainiwa mwezi ule ule, na hapa ofisini tuliojua kwamba kosa ni lake tulikuwa watatu.

Ijumaa alipanda gari pamoja na Vanessa. Na mimi nikapanda, nilikuwa na majani ya chai ya kununua Mbarara. Msicheke, majani yalikuwa yamekwisha kweli.

Walinikalisha kwenye benchi la nje, mlango ukabaki wazi kwa sababu ya joto. Madamu Kantengwa alikuwa na wakubwa wengine wawili. Mzee Mahadi hakukaa. Aliweka kompyuta mezani akasema:

"Madamu, kabla ya mambo ya huyu mtoto, kosa ni yangu. Mimi niliandika ile saa, na niliiandika vibaya."

"Mzee, kaa kwanza. Vibaya namna gani?"

"Bonyeza wewe mwenyewe. Hapa kuanza. Hapa kumaliza."

Madamu akabonyeza. Halafu nikasikia Mzee akisema taratibu: "Madamu, mashine inasema umefanya masaa kumi na moja. Na hujafanya kitu. Tazama saa ya mkono wako."

Kumbe ilikuwa saa tano ya asubuhi, ile ambayo wazungu wanaita kumi na moja. Kiti kikalia. Nadhani Madamu alikuwa amesimama.

"Mzee Mahadi," Madamu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, nikashika benchi, "mkataba wako uko kwa meza yangu. Unataka mimi niandike kwa ripoti kwamba hii namba mbaya ni ya kwako?"

"Andika. Lakini jina ya mtoto utoe. Yote. Isibaki hata kwa pembeni."

Nilikuwa naomba Mungu kwa Kibembe chetu, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kile kidogo nilichokuwa nacho. Ndipo nikasikia Madamu anacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa.

"Masaa kumi na moja, na mimi nilikuwa tayari kufukuza mtu! Vanessa, nyabo, tusamehe. Rudi kwa kazi yako. Na kuanzia leo, namba yoyote ambayo Mzee Mahadi hajaiona kwa macho, isifike hapa."

Madamu aliusaini mkataba siku ile ile, kabla mzee hajaenda swala ya Ijumaa. Alitembea kwenda msikitini mikono nyuma, kama mtu anayekagua mji wake. Mimi na Vanessa tulinunua majani ya chai, tukalia kidogo dukani, mwenye duka akadhani ni kwa ajili ya bei.

Lakini ushindi wenyewe ulikuwa bado. Saa ikiwa uani, Mzee alipima sasa vipande vyote, kimoja kimoja. Meza ya Vanessa ilichukua kama saa moja, na saa ile nzima ilikuwa ya wamama na kadi zao, siyo ya usingizi. Aliyekuwa anakula asubuhi yetu alikuwa kipande cha kugawa chakula. Kila familia moja ilipoandikwa, jedwali lote la makambi yote lilihesabiwa upya, toka la kwanza mpaka la mwisho, halafu familia ya pili, tena upya. Ni kama mpishi anayepika sufuria nzima tena kila anapopakua sahani moja. Kipande hicho pia alikiandika yeye, na alisema hivyo bila kuulizwa. Akakiambia kiandike familia zote kwanza, halafu kihesabu mara moja, mwishoni.

Mgao uliofuata, Vanessa alibonyeza kumaliza saa tatu na kitu. Nilikuwa nimeinjika maji ya chai ya saa nne. Maji hayajachemka, mashine ya kuchapa ikaanza kulia, karatasi zinatoka moja juu ya nyingine. Tulidhani imeharibika. Vanessa akazishika, akazisoma, akafungua dirisha kwa mikono miwili.

"Bienvenu! Orodha hii hapa! Magunia iko wapi?"

Bienvenu alikuwa nyuma ya stoo na kipande cha muhogo mdomoni, shati liko kwenye msumari. Hajawahi kuitwa kabla ya saa saba. Alikuja anakimbia, anavaa, anatafuna.

"Ngoja basi, dada, ngoja kwanza!"

"Hapana kungoja! Saa iko inakupima wewe sasa!"

Mstari mzima ulipiga vigelegele. Wamama walirudi nyumbani jua liko juu, wakapika mchana, na jioni ile kulikuwa na moshi kwa kila nyumba mapema. Mzee Mahadi alitoka, akasimama kwenye kivuli cha stoo, akatazama mstari unavyokwisha. Alikula muhogo wa Bienvenu.

Baada ya hapo watu walitoka makambi mengine ya Uganda kuja kuona makro yetu. Ofisi ya Mbarara ikaiweka ile saa katika hesabu zake za dawa na za mbegu. Mzee aliwafundisha wote, na kila alipoanza somo alianza na kosa lake, masaa tisa ya Vanessa, ili mwanafunzi asione haya kwa la kwake. Na kila Alhamisi, miaka minne sasa, alimfundisha Vanessa kuandika makro. Mwanzoni aliandika mzee na Vanessa akasoma. Mwaka jana Vanessa aliandika na mzee akasoma. Mwaka huu mzee hasomi tena, anauliza tu kama imemaliza.

Kesho asubuhi, kwa amri ya ofisi, kiti cha mzee, cha msimamizi wa takwimu wa Nakivale, anakikalia Vanessa. Binti aliyekuwa aondoke kwa aibu.

Mzee Mahadi, ndugu yetu, asante. Asante kwa miguu yenye matope na kwa vidole visivyochoka. Asante kwa kusimama mlango ukiwa wazi ukasema kosa ni lako, wakati ulikuwa na njia nyingine na mtoto hakuwa wa kwako. Mungu akupe nguvu ya kufurahia mchana wako, maziwa yasikauke, mjukuu akuvute ndevu, na Mama Jamidah asichoke kukuona nyumbani siku za kazi.

Neno la mwisho ni la mama mwenye wasiwasi. Mgao ni wiki ijayo, na ni wa kwanza wa Vanessa peke yake. Yeye anasema ameshaweza. Mimi najua ameshaweza. Lakini ukifika Kakiika leo, tutumie habari upesi kwamba umefika salama, na utuambie namba ya simu utakayoishika siku ile. Usikawie, mzee, tafadhali. Sitauliza kitu. Nataka tu nijue simu iko karibu na mkono wako.